Mwacheni Mlowezi Apike

Kuna hoja ambayo siku hizi hukubaliwa hata kabla msemaji hajaimaliza. Inasema hivi: kutafiti namna walowezi wa kwanza wa Kiingereza kule Marekani walivyopika, walivyovaa, walivyojenga na walivyozikana, kisha kuwavisha vijana sketi za sufu na kuwasimamisha mbele ya watalii wakikoroga uji wa mahindi, ni kuupaka ukoloni manukato. Ardhi iliporwa, wenye ardhi wakauawa, Waafrika wakaletwa kwa nguvu. Halafu leo tuitwe tukatazame jinsi mama wa Plymouth alivyokanda mkate? Anayesema hivyo hupigiwa makofi, na makofi hayo nayaelewa. Hasira yake ni ya haki. Hoja yake ndiyo mbovu, kwa sababu imemkamata asiye mwizi.

Hoja hii ina mshirika ambaye pengine haimtaki, naye ni profesa wa nyaraka. Yeye hasumbuliwi sana na habari za damu. Kwake koloni ni hati za mfalme, mapatano yaliyotiwa saini melini, na baraza lililokaa kanisani Jamestown tarehe 30 Julai 1619. Vyungu, vifungo na mifupa ya samaki ni vitu vya kuwachangamsha watoto wa shule siku ya ziara. Basi mwanaharakati analidharau jiko la mlowezi kwa kuwa linapendeza mno, profesa analidharau kwa kuwa ni dogo mno, na wote wawili wanatoka pale wakiwa wamekubaliana kwamba hapo hapana historia. Nawapinga wote wawili kwa mpigo mmoja.

Hebu tuulize kwanza hadithi tamu ya Plymouth ilitoka wapi. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwaka 1620, na karibu nusu yao walikuwa wameshazikwa majira ya baridi ya kwanza yalipokwisha. Walioandika habari za siku zile, William Bradford na Edward Winslow, hawakutaja kabisa ule mwamba unaosemwa kwamba walishukia juu yake. Mwamba ulipata umaarufu mwaka 1741, miaka 121 baada ya meli kutia nanga, pale mzee mmoja wa kanisa aitwaye Thomas Faunce, aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 90, alipopelekwa ufukoni na kusema kwamba wazee wake walimwambia walishukia hapo. Mwaka 1774 wenyeji wa mji wakataka kuung'oa waupeleke uwanjani. Ukapasuka vipande viwili, wakaondoka na cha juu. Hiyo ndiyo asili ya jiwe takatifu la taifa kubwa.

Karamu ya shukrani nayo? Winslow aliiandikia maneno machache ndani ya barua moja: mavuno ya 1621 yaliingia, mtawala wa wenyeji, Massasoit, akaja na wanaume wake wapatao 90, wakaleta kulungu watano, watu wakala siku tatu. Hakuiita sikukuu ya kwanza ya shukrani. Aliyeiita hivyo ni mchapishaji wa Boston, Alexander Young, katika maelezo aliyoyaweka chini ya ukurasa mwaka 1841. Na Rais Lincoln alipotangaza siku ya shukrani mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakumtaja mlowezi wa Plymouth hata mmoja. Kofia nyeusi zenye bizimu wanazovishwa walowezi ni kazi ya wachoraji wa karne ya 19. Nyumba za magogo ni kazi yao vilevile.

Mwamba, karamu, kofia, nyumba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwa mtu aliyeshika sururu, au aliyekaa siku nzima akisoma orodha ya masufuria ya marehemu. Vilitoka kwa wahubiri, wachapishaji, wachoraji na wanasiasa waliohitaji babu wa heshima. Hadithi ile ilipikwa jukwaani. Jikoni haikupita kamwe.

Na nani aliyeibomoa? Hapa ndipo zinapoingia zile orodha. Mtu alipokufa katika koloni la Plymouth, majirani waliingia nyumbani mwake wakaandika kila walichokikuta na bei yake: kitanda, birika, mbuzi, mashati, hata vitu vilivyokwisha kuchakaa. Ni karatasi kavu kwelikweli. Lakini ya Bradford, gavana mwenyewe, aliyefariki mwaka 1657, inatuambia kwamba mzee yule aliyechorwa vizazi na vizazi akiwa mweusi tii kuanzia kofia hadi kiatu alikuwa na kizibao chekundu na joho la rangi ya zambarau. William Brewster, kiongozi wao wa dini, naye aliacha koti la zambarau. Mtu anaweza kucheka kwamba rangi ya kizibao si hoja nzito. Kwangu ni nzito, kwa sababu vazi jeusi lilikuwa mahubiri. Lilimwambia Mmarekani kwamba taifa lake lilizaliwa na watakatifu wasio na tamaa, watu waliovuka bahari wakiwa hawataki chochote ila kusali. Ukimvua babu vazi hilo unabaki na mtu: ana vifungo anavyovipenda, ana madeni, ana ng'ombe, anataka shamba. Na mtu anayetaka shamba unaweza kumuuliza amelipata wapi.

Kuhusu nyumba, nitakaa kidogo, maana hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo lake. Mwaka 1939 kilitoka kitabu cha Harold Shurtleff kikionyesha kwamba Waingereza wa mwanzo hawakujenga nyumba za magogo. Ufundi huo uliingia na Waswidi waliokuja mto Delaware mwaka 1638. Waingereza wa Plymouth walisimamisha viunzi vya mbao, wakavifunika kwa mbao zilizopasuliwa, wakaezeka kwa majani. Na Jamestown, Virginia, wachimbaji wamefukua misingi ya majengo ya ngome ya mwanzo na kukuta ya miti na udongo, ufundi uliozoeleka Lincolnshire: nguzo zimechimbiwa ardhini, fito zimepigiliwa, udongo umekandikwa, majani juu. Fundi yeyote wa kijijini Kilwa au Kilifi angeuelewa ukuta ule bila mkalimani. Sasa fikirieni vitabu vingapi vya karne ya 19 na 20 vilivyoandikwa na wajukuu wa watu hao, vikitaja nyumba zetu za udongo na makuti kama cheti cha ushenzi. Mimi natamani kila mtoto wa Afrika Mashariki aione nyumba ya mlowezi wa 1607 ilivyojengwa upya, na udongo wake na majani yake. Profesa wa nyaraka hawezi kumwonyesha. Hati ya mfalme haina ukuta.

Wala haikuwa kazi rahisi kuwashawishi wenye makumbusho waipokee hali hiyo. Kijiji cha maonyesho cha Plymouth kilianzishwa mwaka 1947, na kwa miaka kadhaa kilikuwa kama yalivyo makumbusho mengi: sanamu za watu zimesimama ndani ya vyumba safi, na vibao vya kusoma. Mwanaakiolojia James Deetz alipoingia miaka ya 1960 alianza kuondoa sanamu na vibao, akaweka watu hai wafanyao kazi za kweli kwa vyombo vinavyotumika, pamoja na moshi, kuku na uchafu wao. Anayekuja anauliza, anajibiwa na mtu mwenye mikono yenye masizi. Wanaoita jambo hilo mchezo wa kuigiza wamesahau kwamba sanamu ya shaba iliyoko uwanjani nayo ni igizo, tena igizo lisilokubali swali.

Lakini ushahidi mkubwa uko Jamestown.

Wanaume na wavulana 104 walishuka pale Mei 1607, wametumwa na Kampuni ya Virginia ya London, kampuni ya wanahisa waliotaka faida. Kwa muda mrefu wanahistoria waliamini kwamba ngome yao imeliwa na mto James na kwamba hakuna cha kutafuta. Ilikuwa imeandikwa, ikarudiwa, ikawa elimu. Mwaka 1994 William Kelso akaanza kuchimba kisiwani, na baada ya miaka miwili alikuwa na alama za kutosha za ukuta wa magogo kusema kwamba ngome ipo. Mto ulikuwa umechukua kipembe tu. Tangu hapo vimetoka ardhini vitu zaidi ya milioni 3. Vingi ni takataka: mifupa, vigae, misumari, vipande vya shaba, viko vya tumbaku.

Ndani ya takataka hizo kuna jambo ambalo wasafisha majina walilizika kwa karne nne. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 ngome ilizingirwa na wenyeji wa hapo, Wapowhatan, chakula kikaisha. Kati ya watu wapatao 300 waliokuwemo, walionusurika ni kama 60. George Percy, aliyekuwa mkuu wa ngome wakati huo, aliandika kwamba watu walikula farasi, mbwa, paka, panya, nyoka, ngozi za viatu, na mwishowe wakala wafu. Habari zilifika London, na Kampuni ikafanya kile ambacho kila kampuni yenye hisa sokoni hufanya. Mwaka huohuo wa 1610 ikachapisha kijitabu cha kukanusha. Ilikiri kwamba yupo mtu mmoja aliyemuua mkewe na kumkatakata, ila ikasema alimchukia tangu zamani, kwamba njaa ni kisingizio tu, na kwamba nyumba yake ilipopekuliwa ilikutwa na unga, maharage na njegere. Miaka miwili baadaye ikaanzisha bahati nasibu ili kuchangisha fedha za kuendesha mradi. Walichokiacha watangazaji hao kiliishi. Hata katika karne ya 20 walikuwepo wanahistoria waliomwona Percy kuwa mtia chumvi, na uvumi wa kula watu kuwa kejeli za maadui wa Kampuni.

Mwaka 2012, katika chumba cha chini kilichokuwa jiko, wachimbaji wakakuta vipande vya fuvu na mfupa wa mguu vimechanganyika na mifupa ya farasi na mbwa waliochinjwa. Douglas Owsley wa taasisi ya Smithsonian akavichunguza, na Mei 2013 matokeo yakatangazwa. Ni msichana wa Kiingereza wa miaka 14 hivi. Watafiti walimpa jina Jane kwa kuwa la kwake halijulikani. Kwenye paji la uso kuna mapigo manne ya chombo chenye makali, hayakuzama, yamekaribiana, kama ya mkono uliosita. Kisha mapigo mengine kisogoni, yenye nguvu, mpaka fuvu likafunguka. Kwenye taya kuna mikwaruzo ya kisu kinachotafuta nyama. Alikuwa ameshakufa walipomkata. Aliyefanya kazi ile hakuwa mchinjaji. Alikuwa mtu mwenye njaa asiyejua aanzie wapi.

Sasa mniambie hayo ni manukato gani. Kwa miaka 403 kijitabu cha tangazo kilikuwa na neno lake, na kilichokipinga ni jalala la jikoni. Leo mgeni anayekwenda kisiwani Jamestown anakutana na uso wa msichana huyo uliotengenezwa upya na wataalamu kutokana na fuvu lake. Kama kutangaza maisha ya koloni ni kulipamba, basi hawa wamechagua pambo la ajabu.

Na siishii hapo, maana mwanaharakati atasema: vizuri, mmeonyesha kwamba walowezi waliteseka, hilo ndilo nililoliogopa, sasa tutawalilia wao. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Jibu langu liko kwenye miti. Mwaka 1998 wataalamu wanaosoma pete za miti walitangaza matokeo ya kupima misaipresi mikongwe ya ukanda ule: miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ndiyo miaka saba mikavu zaidi katika kipindi cha miaka 770. Hadithi iliyozoeleka shuleni ilikuwa kwamba walowezi walikufa kwa uvivu, mabwana wakubwa wasiojua kushika jembe, hadi kiongozi wao John Smith alipowaamrisha kwamba asiyefanya kazi asile. Hadithi hiyo ni ya Smith mwenyewe, na haishangazi kwamba shujaa wake ni Smith. Pete za miti zinasema jambo jingine. Mahindi yalikauka kwa kila mtu. Wahunsenacawh, mtawala ambaye Waingereza walimwita Powhatan, alikuwa na vijiji vyake vya kulisha katika ukame ambao wazee wake hawakuwahi kuuona. Kila kapu la mahindi ambalo Waingereza walilipata kwa shaba, na kila lile walilolichukua kwa mtutu wa bunduki, lilitoka kwenye ghala la watu wenye upungufu wao.

Utafiti huo haukupunguza uzito wa mashtaka, umeuongeza. Zamani mlowezi alishtakiwa kwa uvivu, kosa la kupewa adhabu shuleni. Sasa anashtakiwa kwamba alipora chakula cha wenye njaa. Na shtaka hili jipya halikuletwa na hotuba, limeletwa na watu wanaouliza maswali ya jikoni: walikula nini, kilitoka wapi, mvua ilinyesha lini, maji ya kisima yalikuwa na chumvi kiasi gani.

Vyungu vya Kipowhatan vimepatikana kwa wingi ndani ya ngome, pamoja na mabaki ya shanga za makombe. Wapo wataalamu wanaoona humo dalili kwamba wanawake wa Kipowhatan walikuwa wakifanya kazi, pengine wakiishi, ndani ya ukuta ule. Nyaraka za wanaume wa Kampuni zinawapita kama hawakuwepo. Nalitaja hili haraka kwa kuwa linanipeleka kwa mwanamke mwingine ambaye nyaraka zimempa nafasi ndogo mno.

Anaitwa Angela. Mapema mwaka 1625 koloni lilihesabu watu wake, kaya baada ya kaya, pamoja na bunduki na mahindi yao. Katika kaya ya Kapteni William Peirce, Jamestown, baada ya watumishi wa Kiingereza, ameandikwa yeye, mwanamke Mweusi aliyekuja kwa meli ya Treasurer. Basi. Baada ya hapo hatajwi tena popote. Meli ile tunaijua. Mwaka 1619 meli ya Kireno San Juan Bautista ilipakia Luanda mateka wapatao 350, wengi wao matunda ya vita ambavyo Wareno na washirika wao Waimbangala walikuwa wakivipiga dhidi ya ufalme wa Ndongo. Njiani maradhi yakawapunguza. Karibu na Mexico meli mbili za Waingereza, White Lion na Treasurer, ziliivamia na kuchukua kati ya 50 na 60. White Lion ilitia nanga Point Comfort mwishoni mwa Agosti 1619, na Waafrika ishirini na kitu wakauzwa kwa chakula. Treasurer ikafuata siku chache baadaye. Walioandikishwa Veracruz, mwisho wa safari iliyokusudiwa, walikuwa 147.

Watu wa Ndongo walisema Kimbundu, lugha ya Kibantu, ndugu wa mbali wa hiki Kiswahili ninachoandikia. Kwa hiyo msomaji wangu asije akaniambia kwamba jiko la Virginia halimhusu.

Kuhusu kaya ile tuna habari nyingine, na hii inanichekesha kwa uchungu. Joan Peirce, mke wa kapteni, alirudi Uingereza kwa ziara mwaka 1629, na maneno yake yakafika kwa John Smith, aliyeyachapisha. Alikuwa na bustani Jamestown ya ekari tatu au nne, alivuna karibu busheli mia za tini kwa mwaka mmoja, na alijigamba kwamba angeweza kuendesha nyumba Virginia vizuri kuliko London kwa paundi mia tatu au mia nne kwa mwaka. Hiyo nayo ilikuwa kutangaza maisha ya koloni. Mtu wa nyaraka anaisoma sifa hiyo, anaandika kwamba akina mama wa Virginia walikuwa hodari wa bustani, anafunga kitabu. Anayetafiti maisha ya kila siku anauliza nani alibeba maji, nani alizichuma tini, nani aliamka kabla ya jua kuwasha moto katika nyumba bora kuliko ya London. Maswali hayo hayana heshima ya kitaaluma, lakini ndiyo yanayomrudisha Angela ndani ya chumba.

Mwaka 2017 uwanja wa Peirce ulianza kuchimbwa. Kati ya vilivyotoka ni kauri, makombe ambayo pwani yetu inayajua kwa kuchezea na kwa kupambia, na ambayo katika biashara ya watumwa yalikuwa fedha. Hakuna mchimbaji aliyesimama akaapa kwamba Angela aliyashika. Nawaheshimu kwa hilo. Wangekuwa wauza manukato wangeshamtengenezea mkufu.

Sasa nije kwenye karata nzuri za wapinzani wangu, maana wanazo. Ya kwanza ni Williamsburg, mji mkuu wa Virginia ya karne ya 18. Rockefeller alianza kugharimia ukarabati wake mwaka 1926, ukapendeza kama keki, na kwa nusu karne mgeni aliweza kuuzunguka wote akidhani ulijengwa na mabwana waliovaa nywele za bandia peke yao. Zaidi ya nusu ya wakazi wake kabla ya mapinduzi walikuwa Weusi. Hao hawakuanza kuonyeshwa kwa maana yoyote hadi mwaka 1979. Mpinzani wangu anasema: ndiyo hayo nisemayo. La, siyo. Williamsburg ile ilikuwa na fanicha nyingi na maisha machache. Waliitafiti rangi ya ukuta, hawakumtafiti aliyeupaka. Kilichoirekebisha ni kuendelea na swali lilelile la nani alifanya nini asubuhi, mpaka likafika vibandani. Oktoba 1994 idara ya historia ya Waafrika-Wamarekani, chini ya Christy Coleman, iliigiza mnada wa watumwa mbele ya umati. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilipinga, wengine wakakaa chini kuzuia. Igizo lilipokwisha, kiongozi mmoja wa chama hicho aliyekuja kupinga alisema amebadili msimamo. Siwezi kudai kwamba kila aliyekuwepo alibadilika, na sidhani mnada uigizwe kila Jumamosi. Nasema tu kwamba kidonda kile kilikaa miaka 50 chini ya zulia zuri, na waliolikunja zulia ni watu wa idara ileile inayodharauliwa kwa kuvaa mavazi.

Karata ya pili ni kali zaidi. Pale Plymouth zamani palikuwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag kilichoangamizwa na maradhi kati ya 1616 na 1619. Bradford na wenzake walijenga juu ya mashamba ya marehemu. Mwaka 2020 makumbusho yale ya Plymouth yaliongeza jina hilo kwenye jina lao, yakaahidi kuwa ya mataifa mawili. Mwaka 2022 Wawampanoag kadhaa wakatangaza kuyasusia, wakisema ahadi imebaki kwenye kibao cha langoni: sehemu yao ni ndogo, nyumba zao zimeachwa zikachakaa. Hapa mimi niko upande wao bila masharti. Lakini sikilizeni wanachodai. Wanadai nyumba zitengenezwe. Wanadai wafanyakazi wa kwao, wanaojua lugha na mapishi ya kwao, walipwe na wapewe nafasi. Kwa maneno mengine wanadai jiko lao liwashwe, liwe kubwa kama lile la pili. Kulifunga la mlowezi hakumo katika madai yao. Anayewanukuu Wawampanoag ili aseme utafiti wa maisha ya kila siku ni upuuzi amewanukuu nusu.

Nakubali kwamba kuna kisichoigizika. Mtalii aliyetoka kutazama chumba alichokatwa Jane anakwenda mgahawani kula, na hakuna namna ya kumpa njaa ya Machi 1610. Tena tiketi zinauzwa, na penye tiketi daima kuna meneja anayenong'ona kwamba wageni wangependa kitu cha kufurahisha zaidi. Hivyo ni vita vya kila msimu wa bajeti, na dawa yake ni kuwapa wachimbaji na waelezaji nguvu mbele ya meneja. Anayewaita wasafisha damu anamsaidia meneja, kwa sababu watafiti wakiondoka kwa aibu, maonyesho hayatafungwa. Yatabaki na kofia zenye bizimu.

Tena muda hauko upande wetu. Kisiwa cha Jamestown ni cha chini, mto James unapanda, na mvua kubwa sasa huacha maji yamesimama juu ya mahali pasipochimbwa bado. Mwaka 2022 kiliingizwa katika orodha ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani. Hati za Kampuni ziko salama kwenye makabati yenye kiyoyozi, na sanamu ya John Smith imesimama juu ya msingi wa mawe. Kilichoko kwenye udongo uliolowa ni mifupa ya wasio na jina, vyungu vya wanawake wa Kipowhatan, na chochote kile ambacho Angela alikiangusha uani kwa Peirce. Anayetaka kazi hii ikome kwa sababu inawapendeza watalii atuambie kwanza nani mwingine atashuka na koleo kwenye tope lile, na lini.